Mtegemezi Asiye na Jina

Wafanyakazi wa kiwanda cha viti pale Pașcani, Romania, hawakuvikalia viti walivyotengeneza. Walikalia benchi la ubao nje ya geti, ubavuni mwa kibanda cha mama Saveta, ubao uliong'arishwa na makalio ya watu tangu enzi za mameneja waliokwishazikwa. Mama Saveta alichemsha kahawa kwa kibirika cha mpini mrefu, akaimimina kwenye vikombe vya karatasi, chungu kama dawa ya minyoo, na aliyetaka sukari aliomba kwa adabu. Upande wa kushoto alikaa Leonida, dereva wa foklifti, kile kigari cha kuinulia mizigo, ambaye wote walimwita Redio kwa kuwa Mungu alimuumba bila kitufe cha kuzimia. Kulia alikaa Axinte wa chumba cha gundi, jina la kijiweni Waziri. Miaka ya nyuma aliwahi kubandika mabango ya uchaguzi, na tangu hapo akawa anaongea kama mtu anayepigiwa simu kutoka Bukareshti kila asubuhi. Nafasi ya katikati iliachwa kwa yeyote mwenye habari. Mchana ule wa mwisho wa Machi, theluji ikiwa imebaki vibonge vyeusi kando ya barabara, aliyekuja na habari alikuwa Veturia wa mishahara, na wala hakukusudia kuitoa.

Alitoka ofisini akifikicha macho. Tangu bosi anunue programu mpya ya mishahara, Veturia alikuwa akiwahamishia humo wafanyakazi wa kiwanda kizima, mmoja baada ya mwingine. Kila mtu ana ukurasa wake wa kodi, na ndani ya ukurasa kuna sehemu ya watu anaowalisha: mke, mtoto, mama mzazi. Ukiwajaza hao, kodi inayokatwa kwenye mshahara inapungua. Usipowajaza, serikali inamkata mtu kama kapera anayelala kwa rafiki. Mwezi ulikuwa unafungwa jioni ile. Kazi yote ilikuwa imekwisha, isipokuwa mstari mmoja.

— Kahawa, mama Saveta. Na leo nitilie sukari bila kuniuliza.

— Makubwa! Kuna nini tena?

— Si hiyo programu. Nimeilisha watu kiwanda kizima, imekwama kwenye mstari mmoja. Naandika “mtoto”, inakataa. Naweka kistari, inakataa. Naweka nukta tupu, inapiga kelele kama nimeikanyaga mguu. Inaniandikia kwa rangi nyekundu: mtegemezi hana jina.

Redio aligeuka mwili mzima, kama anavyogeuza foklifti yake.

— Mtegemezi wa nani?

— Wa mtu.

— Mtu gani?

— Redio, kunywa kahawa yako.

— Nakunywa. Mtu gani?

Veturia alijiuma ulimi, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mke wa mfanyakazi mmoja tu ndiye aliyekuwa mjamzito msimu ule wa baridi.

— Emilian! Redio alijipiga paja. Ni Emilian wa miguu ya nyuma!

— Mimi sijataja jina la mtu.

— Ndiyo maana tumelijua, alisema Waziri.

Emilian alikuwa seremala wa miguu ya nyuma ya viti, mtu mrefu, mpole, asiye na maneno. Kijiweni alikuwa akija, anasikiliza, anacheka mahali pa kucheka, anarudi kazini. Wiki kadhaa zilizopita alisema, bila hata kusimama, “Otilia amejifungua,” akapita. Hakusema wa kike wala wa kiume. Na jambo lililowauma zaidi, hakuleta chochote. Pale Pașcani baba mpya huwanywesha wenzake; hata aliyefukuzwa kazi wiki hiyo hiyo huja na chupa ya pombe ya plamu mfukoni. Emilian hakuleta hata gazeti la kutandika mezani. King'ora cha jioni kikilia, anatoka mbio kuwahi treni ya kwenda mji wa Iași, na asubuhi anarudi macho mekundu. Na leo hakuonekana kabisa.

— Mimi najua kilichotokea, alisema Redio. Ni ubahili. Hakuna kingine. Mtoto akishakuwa na jina, ina maana kazaliwa. Akishazaliwa, ina maana tunakunywa. Kwa hiyo anamwacha bila jina mpaka tusahau.

— Wewe hujasahau kitu tangu utahiriwe, alisema mama Saveta.

— Waromania hatutahiriwi, mama.

— Basi ndiyo maana hujasahau.

Waziri alikohoa kikohozi cha hotuba.

— Ubahili ni kitu kidogo. Tuangalie picha kubwa. Jamani, kwa nini programu mpya inataka jina la mtoto? Ya zamani ilikuwa inataka?

— Ya zamani nilikuwa najaza idadi tu, alisema Veturia. Mtoto mmoja, watoto wawili.

— Mnasikia? Idadi tu! Sasa wanataka jina na namba ya uraia. Mtoto hajaota jino, Bukareshti wameshamjua. Wanakusanya majina mapema ili akifika miaka kumi na minane akute deni lake la kodi linamngoja mlangoni kama mbwa. Emilian ni mtu mkimya, lakini watu wakimya wanasoma. Kagundua. Kamficha mtoto.

— Kamficha wapi? aliuliza mama Saveta. Kwenye kabati?

— Iași! Kwani haendi Iași kila jioni?

Redio alikubali kwa kichwa, kisha akakataa kwa kichwa hicho hicho.

— Hapana, hapana. Mimi nafikiri ni wengi.

— Wengi nini?

— Watoto. Kaandika “mtoto” akaacha wazi kwa sababu hajui wataishia wangapi. Shemeji yangu alijifungua mapacha, wa pili alitoka wakati baba yake kashakwenda kununua maua.

— Redio, huyo mwanamke kajifungua wiki kadhaa zilizopita, alisema Veturia. Bado wanatoka tu?

— Sisemi wanatoka. Nasema wanahesabiwa.

Hata Veturia alicheka, na kucheka huko kulimtoa uchovu kidogo. Kisha kukamchoma. Jana yake alikuwa amemwita Emilian ofisini, akamwekea karatasi mbele. Mstari wa mke ulikuwa umejazwa kwa mwandiko mzuri, herufi zilizosimama wima kama miguu ya viti vyake. Mstari wa pili aliandika “mtoto”, basi.

“Emilian, kaka yangu, huu si mtihani,” alimwambia. “Andika jina la mwanao, niletee na cheti, nimalize.”

Emilian aliishika kalamu. Akaiangalia ncha yake kwa muda, akailaza juu ya meza taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

“Nivumilie kidogo, dada Veturia.”

“Mimi nakuvumilia. Kompyuta ndiyo haina uvumilivu. Ukichelewa watakukata kodi ya mwezi mzima, halafu mtakuja kunililia hapa.”

Alisema “mtakuja”, kwa wingi, kama anavyowaambia wote. Emilian aliitikia kwa kichwa, akaomba radhi, akatoka akifunga mlango bila sauti. Usiku ule Veturia hakulala vizuri, akadhani ni ile rangi nyekundu.

— Ninyi hamjui wanawake, mama Saveta alisema, akijimiminia kikombe chake mwenyewe, na hiyo ilikuwa dalili kwamba ameingia kwenye mjadala. Hapa pana bibi wawili. Mama yake Otilia anataka mjukuu aitwe jina la upande wake. Mama yake Emilian anataka la kwake. Yule kijana yuko katikati kama nyama kati ya mikate miwili. Hawezi kuandika jina, akiandika tu analala nje.

— Hiyo ina akili, alisema Redio.

— Bila shaka ina akili. Mimi mwenyewe niliitwa majina mawili mpaka nilipoingia shule. Upande huu wakiniita siitiki, upande ule wakiniita natukanwa.

— Lakini bibi hawamzuii mtu kuleta chupa, Waziri alisema. Na hawamletei macho mekundu. Mimi nitawaambia jambo, lakini lisitoke hapa.

Waliinama wote. Hata mtu aliyekuwa akisubiri kahawa nyuma ya benchi aliinama.

— Mtoto yuko Italia.

— Acha wewe!

— Nisikilizeni. Otilia ana dada Italia, si kweli? Kule mtoto akiandikishwa, serikali inakulipa. Sasa hawezi kuwa mtegemezi wa baba wawili katika nchi mbili. Emilian akiandika jina hapa, kompyuta ya Veturia inapigia kompyuta ya Roma, Roma inasema, “Huyo yuko kwetu, anakula makaroni.” Kesho asubuhi polisi wako hapa kwenye benchi. Na watatuuliza sisi!

— Na Iași anafuata nini kila jioni?

— Uwanja wa ndege.

— Kila jioni anapanda ndege kwenda Italia, asubuhi yuko kwenye mashine ya kuchonga?

— Ndiyo maana macho mekundu!

Redio alicheka mpaka kahawa ikampitia puani. Mama Saveta alimrushia kitambaa cha kufutia meza. Veturia alitaka kusema wanyamaze, kwamba mambo ya ukurasa wa mtu si ya benchi, lakini angesemaje na yeye ndiye aliyeleta? Aliinua kikombe, akakuta sukari yote imebaki chini.

Yule mtu aliyekuwa nyuma ya benchi alisogea. Alikuwa Tek, mmoja wa Wanepali walioletwa kwenye chumba cha rangi mwishoni mwa mwaka, baba mtu mzima mwenye mvi za pembeni. Kijiweni hajawahi kukaa. Kila siku alinunua kahawa yake, akashukuru, akainywa akiwa amesimama ukutani. Kiromania chake alikijenga neno kwa neno, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

— Samahani, alisema. Naweza kuuliza?

— Uliza, uliza, alisema Redio, akisogea. Kaa kabisa. Hapa mtu anakaa akiwa na neno.

Tek alikaa ukingoni, magoti pamoja.

— Emilian ni rafiki yangu. Yeye alinionyesha duka la mchele. Nataka kumuombea mtoto wake. Mtoto anaitwa nani?

Redio alifungua mdomo. Waziri naye aliufungua. Mama Saveta akaangalia kibirika chake kana kwamba jina limeandikwa kwenye mpini.

— Hana, alisema Redio hatimaye. Si ndiyo tunasema? Hana jina.

— Hana jina nyumbani?

— Vipi nyumbani?

— Kompyuta haina jina, nimesikia. Nauliza nyumbani. Mama yake anamwitaje?

Lori la mbao lilipita, likawarushia matope ya theluji, na hata hapo Redio hakumtukana dereva.

— Mtoto wangu wa kwanza, Tek alisema polepole, alizaliwa mdogo sana. Mgonjwa. Mke wangu alisema, tusimwite kwanza. Tukimwita, atakuwa wetu kabisa, halafu...

Alitafuta neno la kumalizia. Hakulipata, au alilipata akaliacha. Mkono wake uliachia kitu kisichoonekana, kikaanguka.

— Akafa? aliuliza Redio kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

— Hapana! Sasa ana miguu mirefu. Anacheza mpira. Anavunja madirisha ya watu.

Hakuna aliyecheka. Mambo yalianza kujipanga yenyewe mbele ya macho yao, moja baada ya jingine, na kila mmoja alikuwa ameyaona kwa wiki zote hizo. Treni ya Iași, na Iași ndiko kuliko na hospitali kubwa. Macho mekundu. Chupa ambayo haikuletwa. Nani analeta chupa ya kusherehekea kitu ambacho hajui kesho atakuwa nacho?

— Njiti, alisema mama Saveta, akaketi juu ya kreti la soda. Mtoto kazaliwa njiti. Otilia tumbo lake lilikuwa bado dogo. Mimi mwenyewe nilimwona Krismasi sokoni, nikasema huyu ni wa Aprili. Nimehesabu mimba za watu kwa vidole maisha yangu yote, hii imenipita!

— Mimi nimemwita bahili, alisema Redio.

— Mimi nimempeleka Italia, alisema Waziri.

Veturia aliiona tena ile kalamu ikilazwa mezani. Alikuwa ameweka mbele ya mtu yule mstari mtupu, akamtaka aujaze kabla ya kesho, na mtu yule alikuwa hana hakika kama kesho itakuja na mtoto ndani yake. Na leo hakuja kazini.

— Jamani, kwa nini leo hajaja?

— Msimamizi alisema alipiga simu alfajiri, alisema Waziri, na safari hii hakukohoa kwanza. Alisema yuko Iași, atachelewa.

— Alisema kwa nini?

— Hakusema.

— Sauti yake ilikuwaje?

— Mimi sikuzungumza naye, Veturia. Mungu wangu, usiniangalie hivyo.

Redio alitoa simu, akatafuta namba ya Emilian, akaikuta, akakaa ameishika.

— Nimpigie?

— Ukimpigia utamwambia nini?

Aliirudisha simu mfukoni. Mama Saveta alijipiga ishara ya msalaba, mara tatu, haraka haraka, kama anayefukuza nzi. Tek naye alifumba macho, midomo ikicheza kwa lugha yake. Waziri alivua kofia, kama msibani, akaona imekuwa mapema mno kuvua kofia, akaivaa tena kwa hofu.

Alikuwa ameivaa nyuma mbele alipomwona. Emilian alikuwa anakuja kutoka upande wa stesheni, katikati ya barabara, hakwepi madimbwi. Koti lilikuwa wazi. Alitembea kama mtu aliyesahau kwamba miguu ni yake. Alipokaribia waliona kwamba macho ni mekundu kuliko siku zote, na mashavu yana michirizi.

Hakuna aliyesimama. Veturia alihisi kikombe kinabonyea mkononi mwake, kahawa ya mwisho ikamwagikia sketi, hakuifuta. Alikuwa akitafuta maneno ya pole, na kila aliloligusa lilikuwa limetumika sana na watu wengine.

Emilian alisimama mbele ya benchi. Akawatazama mmoja mmoja, kama anajaribu kukumbuka anawajua wapi.

— Mama Saveta, alisema. Kuna kahawa?

— Ipo, mwanangu. Ipo. Kaa.

— Nimesimama usiku kucha, nikikaa siamki.

— Kaa hivyo hivyo.

Redio na Waziri walisogea kila mmoja upande wake, mpaka Waziri akabaki na nusu ya kalio hewani. Emilian alikaa katikati. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akapuliza, hakunywa.

— Amepumua, alisema.

— Nani? Redio alinong'ona.

— Mtoto. Jana usiku wamemtoa mpira wa hewa. Daktari alisema, tujaribu, akichoka tutamrudishia. Tukakaa. Otilia upande huu wa sanduku la kioo, mimi upande ule. Kila akishusha kifua nasema hapandishi tena. Akapandisha. Akashusha. Nasema sasa hapandishi. Akapandisha. Mpaka kukakucha. Asubuhi daktari akaja, akamsikiliza, akasema, “Huyu hahitaji tena mashine yangu,” akamtoa kwenye kioo akampa Otilia amweke kifuani.

Alikizungusha kikombe mikononi.

— Akalia. Tangu azaliwe sikuwahi kusikia sauti yake, kwa sababu ya ule mpira. Jamani, ana sauti mbaya! Kama bawaba ya mlango!

Akacheka, na machozi yakamtoka palepale, akayaacha. Redio alimkumbatia kutoka ubavuni kwa nguvu za mtu wa foklifti. Mama Saveta alitoka kibandani, jambo ambalo mchana wa kazi halifanyi, akambusu utosini, akarudi ndani akipangusa pua kwa aproni. Tek alikuwa amesimama, mikono imekutana kifuani, akicheka bila sauti. Veturia alishangaa kuona kwamba naye amesimama. Akashika nguzo ya kibanda.

— Ni wa kike au wa kiume? aliuliza Waziri. Na samahani kwa kuuliza leo.

— Wa kike.

— Na kwa nini hukutuambia, bwana? Tungekuja. Tungefanya kitu. Tungekaa tu pale.

— Ningewaambia nini, Axinte? Kila asubuhi nilikuwa sijui jioni nitasema nini. Nikija hapa mnaongea upuuzi wenu, nasahau kidogo. Nilitaka pabaki mahali pamoja ambapo hakuna anayeniuliza mtoto anaendeleaje.

Waziri aliinamisha kichwa, akaona heshima aliyopewa bila kuistahili.

— Dada Veturia, Emilian alisema. Kuhusu ule mstari.

— Achana na mstari, Emilian. Nilikosea kukubana. Sikujua.

— Hukukosea, ndiyo kazi yako. Mimi nilitaka kuandika. Jina tulikuwa nalo tangu Desemba. Ila Otilia alisema hataki jina litakaloandikwa kwenye vyeti viwili, cha kuzaliwa na kile kingine, katika wiki moja. Alisema hadi ambebe. Jana nimeshika kalamu yako, kila nikitaka kuanza herufi ya kwanza namwona Otilia. Nikaona hapana.

Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko huo mfuko mwingine.

— Leo alipombeba akaniambia, “Haya nenda.” Nimefika ofisi ya vizazi kabla hawajafungua. Yule mama wa dirishani aliuliza jina, nikalisema kwa kupiga kelele, watu wote kwenye foleni wakageuka. Sikuweza kulisema kwa sauti ndogo.

— Sasa sema tusikie, alisema Redio.

— Smaranda.

— Smaranda, alirudia mama Saveta kutoka dirishani. Sasa hilo ni jina.

— Smaranda, alisema Tek kwa uangalifu, akilijaribu kila silabi, naye akalisema vizuri kuliko maneno yake yote ya Kiromania.

Veturia aliichukua ile karatasi kwa vidole viwili, akauliza kama anaruhusiwa kwenda nayo ndani, akaruhusiwa. Kwenye korido alikuwa anatembea, mlangoni mwa ofisi alikuwa anakimbia. Aliufungua ukurasa wa Emilian, akaenda kwenye makato ya kodi, akaenda kwa wategemezi. Akaandika jina. Akaandika namba, tarakimu moja moja, akazisoma tena kwa sauti kutoka mwisho kwenda mwanzo, maana namba ikikosewa mtoto anakuwa wa mtu mwingine. Kwenye uhusiano akachagua “binti”. Kwenye tarehe akaweka ile ya kuzaliwa. Akashika pumzi, jambo la kijinga mbele ya kompyuta, akabonyeza kuhifadhi.

Haikupiga kelele. Mstari ulitulia, mweusi kwenye nyeupe, chini ya mstari wa Otilia, na juu pembeni kiasi cha kodi cha Emilian kikajibadilisha chenyewe, kikashuka kidogo. Si punguzo la kumtajirisha mtu. Lingenunua nepi za siku chache. Veturia aliliangalia kwa muda mrefu hata hivyo. Miaka yote alikuwa akijaza sehemu ile kama anayepanga soksi. Akapandisha ukurasa, akashuka, akawapitia wengine: mama wa Waziri, aliyekuwa na miaka tisini na mbili na ambaye Waziri hajawahi kumtaja kijiweni hata siku moja, watoto watatu wa Redio, mume wa dada wa stoo, aliyeanguka kutoka kwenye paa. Kiwanda kizima kilikuwa kimejaa watu wasiokuja kazini. Akafunga mwezi.

Alichapisha karatasi ya kutia sahihi, akatoka nayo. King'ora cha kurudi kazini kilikuwa kimeshalia, geti liko wazi, watu wanaingia. Benchini hakuna aliyeondoka. Emilian alikuwa amelala. Alilala akiwa ameketi, mdomo wazi, kichwa kimeangukia bega la Waziri, na Waziri amejikaza kama mtu anayepigwa picha ya hati ya kusafiria. Redio alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono hewani, akimwashiria dereva wa lori la mbao azime injini.

— Na kazi? Veturia alinong'ona.

— Mwambie msimamizi miguu ya nyuma nitachonga mimi, Waziri alinong'ona bila kugeuza shingo. Zamani nilikuwa najua.

— Utachongaje na bega lina mtu?

— Baadaye. Sasa hivi niko kikaoni.

— Watoto wangu mimi, dada, Tek alimwambia Veturia kwa sauti ya chini, akimsogelea. Wako mbali, Nepali. Wanaweza kuingia kwenye kompyuta?

— Sijui, alisema Veturia. Kweli sijui, lakini nitauliza wanaojua. Njoo kesho uniambie majina yao. Unitamkie vizuri, nisikosee.

Mama Saveta alikuja kwa kunyata. Alimtoa Emilian kikombe mkononi, kidole kimoja baada ya kingine, akaangalia ndani. Kilikuwa kimejaa, hajanywa hata funda. Alikirudisha kibandani, akaimimina kahawa ile kwenye kibirika, akaiweka pembeni mwa jiko, mahali penye moto mdogo.